Ngoma Thelathini na Tano za Bweranyange

Tarehe 25 Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika chini ya kilima cha Bweranyange, makao ya mtawala wa Karagwe. Speke aliwaamuru watu wake watue mizigo na kupiga bunduki hewani kwa heshima ya mwenyeji. Wakaitwa ndani mara moja. Mfalme na nduguye walikuwa wameketi sakafuni, wamekunja miguu, na maneno ya kwanza ya makaribisho, kwa ushahidi wa Speke mwenyewe katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, yalitamkwa kwa Kiswahili kizuri.

Wengi wamekisoma kitabu hicho wakitafuta chanzo cha mto Nile, na jambo hili dogo wamelipita. Mpenzi wa lugha hana budi kusimama hapo. Mwaka 1861 hapakuwa na Mjerumani Bukoba, hapakuwa na misheni wala shule magharibi ya ziwa Nyanza, na bado mtu aliyekuwa juu ya watu wote wa nchi ile aliona Kiswahili ni lugha inayofaa kumpokelea mgeni wa heshima. Mtu huyo aliitwa Rumanyika. Anayejua Kinyambo atausikia ndani ya jina lenyewe mzizi wa kumanya, yaani kujua.

Rumanyika hakuwa mfalme tu. Speke anamtaja pia kuwa kuhani na nabii wa nchi yake. Katika nchi za maziwa makuu watawala wengi walikuwa na mambo ya ibada ndani ya kazi yao, lakini kwa Karagwe ibada ilikuwa ndiyo mhimili. Jeshi la Rumanyika lilikuwa dogo likilinganishwa na la Mutesa wa Buganda, jirani yake wa kaskazini, na bunduki alizokuwa nazo zilikuwa za kuhesabika. Kilichomshikia nchi ni ngoma, mwezi mwandamo, kaburi la babake na viapo vya watu wake. Nitavizungumza hivyo vyote, na nitamlinganisha na mtawala mwingine wa zama zile zile, wa mbali sana, ambaye naye alishika madhabahu na kiti cha enzi kwa mkono mmoja, na zaidi ya hayo alikuwa mshairi.

Tuanze na ngoma. Katika Kinyambo, kama katika lugha nyingi za jirani zake, engoma ni chombo cha kupigwa na pia ni utawala wenyewe. Mtawala mpya husemwa kuwa amekula ngoma. Msemaji wa Kiswahili hatapata taabu kulielewa hilo, kwa maana naye hula kiapo na hula yamini. Kitendo cha kula katika lugha zetu ni cha kulitia jambo ndani ya mwili mpaka lisitenganike na mtu. Pwani nako utawala ulikuwa na sauti yake. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma zake na siwa yake. Lamu na Pate kulikuwa na siwa, moja ya shaba na nyingine ya pembe ya ndovu. Mtu aliyeishika siwa hakuwa na haja ya kueleza kwa maneno mengi nani mwenye mji. Kwa hiyo mfanyabiashara wa pwani aliyefika Bweranyange na kukuta ngoma zimehifadhiwa kama vitu vitakatifu hakukuta jambo geni kabisa.

Babake Rumanyika, Ndagara, alifariki katika miaka ya 1850. Alikuwa wa ukoo wa Wahinda, wanaojihesabu kuwa wana wa Ruhinda, mwanzilishi wa utawala wa Karagwe. Aliacha wana watatu wenye madai: Rumanyika, Nnanaji na mdogo wao ambaye Speke anamwandika Rogero. Hadithi aliyoelezwa Speke ni kwamba waliwekewa mbele yao ngoma ndogo. Kwa uzani wa kawaida ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imejazwa dawa, na asiyestahili asingeweza kuinyanyua hata ajikaze vipi. Wawili walishindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Hakuishia hapo. Ilimbidi pia aketi mahali maalumu juu ya kilima, ambapo ardhi, kwa imani yao, huinuka na mtu aliyeketi juu yake mpaka mbinguni. Akikubaliwa huko hushushwa polepole. Akikataliwa ardhi huporomoka ghafla naye akavunjika vipande vipande. Rumanyika alimwambia mgeni wake kwamba alipanda, akashuka salama. Speke anaisimulia habari hii kwa kejeli kidogo. Mimi naiona kuwa sheria ya urithi iliyosemwa kwa lugha ya mafumbo: mfalme wa Karagwe hakuchaguliwa na ndugu zake, na kwa hiyo ndugu zake hawakuwa na uwezo wa kumvua.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini Rogero hakuukubali uamuzi wa ngoma. Alikusanya watu akapigana, na vita ile haikumalizwa na dawa. Ilimalizwa kwa msaada wa bunduki za Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Bara Hindi aliyekuwa na makao yake Kaze, karibu na Tabora ya leo. Hata baada ya ushindi Rumanyika hakulala usingizi wa raha. Mmoja wa maombi yake ya mwanzo kwa Speke ulikuwa uganga wa Kizungu wa kumwangamiza Rogero. Hebu tulitazame hilo vizuri: kuhani mkuu wa nchi, aliyeinua ngoma kwa kidole na kupandishwa mbinguni, anamwomba mpita njia amsaidie juu ya mdogo wake. Ngoma ilikuwa imempa haki ya kutawala. Usalama ni jambo jingine.

Ni hapa ninapotaka kumwita yule mtawala wa mbali. Miaka ile ile, katika milima ya Montenegro upande wa kusini-mashariki mwa Ulaya, nchi ndogo ya makabila yenye ukaidi ilikuwa ikitawaliwa na askofu wa Kanisa la Orthodoksi. Cheo chake kiliitwa vladika. Tangu mwishoni mwa karne ya 17 cheo hicho kilikuwa ndani ya ukoo mmoja, wa Petrović, wenyeji wa kijiji cha Njeguši. Askofu wa Orthodoksi haoi, hivyo hana mwana wa kumrithi. Uaskofu, na utawala pamoja nao, ulitoka kwa mjomba au ami kwenda kwa mpwa. Petar wa Pili Petrović Njegoš alizaliwa mwaka 1813 na kurithi mwaka 1830, kijana wa miaka 17, kutoka kwa ami yake Petar wa Kwanza. Mwaka 1833 alikwenda Saint Petersburg akawekwa wakfu kuwa askofu mbele ya mfalme wa Urusi.

Taabu yake ilikuwa ile ile ya Rumanyika: alikuwa na heshima nyingi na nguvu chache. Makabila yake yalimbusu mkono siku ya ibada na kukataa kulipa kodi siku iliyofuata. Aliunda baraza la wakuu, akaunda walinzi, akatoza kodi, na waliompinga hakuwaonea huruma daima. Nje ya nyumba ya watawa ya Cetinje palikuwa na mnara uliotundikwa vichwa vya Waturuki waliouawa, na Mwingereza Gardner Wilkinson, aliyemtembelea mwaka 1844, alimsihi aikomeshe desturi ile bila mafanikio. Asidhani mtu kwamba mshairi akikaa katika kiti cha enzi, kiti hulainika.

Lakini mshairi alikuwa, na mkubwa. Kutoka Urusi alirudi na mtambo wa kuchapia, na mwaka 1834 mashairi yake yalichapishwa Cetinje, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inapata shule. Mwaka 1845 alitoa utenzi wa kidini juu ya uumbaji na anguko la malaika. Mwaka 1847, huko Vienna, kikatoka Gorski vijenac, utungo wa kuigizwa unaohesabiwa kuwa kilele cha fasihi ya Kiserbia. Watu wa Balkani wanaukariri mpaka leo, na wanagombana juu yake mpaka leo, kwa kuwa kisa chake ni kuuawa kwa Wamontenegro waliosilimu, na msomaji wa Kiislamu wa Bosnia hawezi kuusoma kwa moyo ule ule wa msomaji wa Cetinje. Njegoš alifariki mwaka 1851 kwa kifua kikuu, hajatimiza miaka 38, akaacha wosia azikwe kileleni mwa mlima Lovćen.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake mrithi wake, Danilo, aliuacha uaskofu akajitangaza kuwa mtawala wa kidunia, ili aoe na kurithisha wana. Waturuki waliposhambulia, herufi za risasi za ule mtambo wa Njegoš ziliyeyushwa zikafanywa risasi za bunduki. Katika habari zote za askofu huyu hakuna iliyonigusa kuliko hiyo.

Kwa nini nimekwenda mbali hivi? Kwa sababu ya jambo moja linalowahusu watunzi. Wote wawili walitembelewa na wageni waliowaandika katika vitabu. Njegoš aliweza kuwajibu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake. Tukitaka kumjua leo tunamsoma mwenyewe kwanza, Wilkinson baadaye. Rumanyika naye alikuwa na maneno, na utawala wake ulisimama juu ya maneno kuliko wa Njegoš. Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu wenye kalamu, nao wakaandika kila kitu isipokuwa hayo.

Tazama sherehe ya mwezi mwandamo. Kila mwezi ulipoandama wakuu wa Karagwe walipaswa kufika Bweranyange, na Speke anaeleza sababu: ndivyo mfalme alivyojua nani bado ni mtiifu. Alialikwa akaiona. Rumanyika alikuwa ameketi amefichwa kwa kizuizi, kichwani taji la shanga lenye manyoya mekundu yaliyosimama juu ya paji la uso, kidevuni ndevu nyeupe ndefu za bandia zilizoshikwa kwa ukanda wa shanga. Uso wa kila siku, uso wa mtu mpole aliyependa mazungumzo, ulikuwa umeondolewa. Aliyekaa pale alikuwa kuhani. Mbele yake ngoma 35 zilikuwa zimepangwa chini, kila moja na mpigaji wake, na zilipopigwa kwa pamoja mwandishi hakupata mfano ila ngurumo.

Kisha wakuu wakaanza. Mmoja baada ya mwingine aliruka mbele, fimbo mkononi, akasema kwa sauti ya ujasiri jinsi atakavyosimama mbele ya adui, na kwamba afe iwapo atageuka nyuma. Halafu akapiga magoti na kumnyoshea mfalme fimbo aiguse. Akaondoka, akaja mwingine.

Mtu yeyote aliyekulia Kagera atatambua mara moja kilichokuwa kikifanyika. Ni kwebuga. Ni sanaa ya kujigamba kwa mpango, ambayo Wahaya na Wanyambo wanaijua mpaka leo: mtu husimama mbele ya mkubwa, zamani na mkuki au fimbo, akajitaja, akautaja ukoo wake, akayataja matendo yake kwa mistari mifupi inayotoka kwa kasi, pumzi moja mpaka mwisho. Si hotuba na si kelele. Ni ushairi wenye kanuni, na mtunzi aliyelegea husikika amelegea. Pale Bweranyange kanuni hizo zilikuwa na uzito wa sheria. Mkuu aliyejigamba mbele ya ngoma alikuwa amejifunga. Akikimbia vitani, maneno yake mwenyewe ndiyo mashahidi. Na asiyekuja kusema alikuwa amesema tayari.

Ndiyo maana nasema utawala ule ulikuwa wa maneno. Mutesa angeweza kupeleka jeshi kila upande. Rumanyika alikusanya viapo kila mwezi, na kiapo kilichosemwa kwa ushairi, hadharani, huku ngoma zikingoja, kilimfaa kuliko karatasi iliyotiwa sahihi.

Speke alizihesabu ngoma. Aliandika rangi ya manyoya. Siku nyingine alichukua kipimo cha kamba akampima mke wa mmoja wa nduguze mfalme kuzunguka mkono, kifua na paja, kwa kuwa wanawake wa ukoo wa kitawala walinenepeshwa kwa maziwa, na vipimo hivyo vilipata sifa Ulaya kuliko habari nyingine yoyote ya Karagwe. Lakini viapo alivitolea muhtasari kwa Kiingereza, sentensi chache tu. Hakuna mstari hata mmoja aliouandika kwa lugha yake. Grant, aliyebaki Bweranyange miezi kadhaa zaidi kwa sababu ya jeraha la mguu, alisikiliza waimbaji wa enanga na akaeleza chombo chenyewe, nyuzi zake na namna ya kukipiga. Kwa hilo tumshukuru. Tungo zenyewe nazo zilipita.

Hata Kiswahili cha mfalme kimepotea. Tumeambiwa kilikuwa kizuri. Hatukuambiwa kilisema nini. Alisema karibuni? Alitumia yambo, salamu ambayo wasafiri wa wakati ule waliiandika kila mahali? Alijifunzia wapi, tunaweza kukisia vizuri zaidi. Kafuro, si mbali na ikulu, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Huyo Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda tangu mwaka 1844 na kukaa miaka mingi katika nchi hizi, Stanley alimkuta Kafuro mwaka 1876. Pembe, chumvi, nguo, shanga na waya wa shaba vilipita pale, na lugha ilipita pamoja navyo. Watumwa pia walipita katika njia zile, na si haki kuisifu biashara ya Kafuro bila kulitaja hilo.

Kuna neno moja la njia zile linalostahili kutajwa. Kabla ya kufika Karagwe, Speke alikuwa amenyonywa vibaya Usui, ambako Suwarora na maofisa wake walidai hongo kituo baada ya kituo. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, haki ya mwenye nchi. Ni baadaye lilipogeuka kuwa jina la fedha ya kificho. Basi Rumanyika hakutoza. Alipeleka amri mpakani wageni walishwe kwa gharama yake, na wasiombwe kitu. Wapo wanaoona hapo ukarimu tu. Naona pia hesabu: mtu mwenye nduguye adui upande mmoja na Buganda upande mwingine alihitaji marafiki wenye bunduki, na alijua njia iliyo rahisi ya kuwapata.

Hata hivyo udadisi wake haukuwa wa hesabu. Mazungumzo yaliyomfurahisha zaidi Speke ni yale ambayo mfalme alimuuliza kama jua la leo ni lile lile la jana au kila siku huja jua jipya, na kama mwezi hubadilisha sura ili kuwacheka wanadamu walio chini. Wapo wasomaji wa zamani waliocheka kwa swali hilo. Mtu anayeongoza ibada ya mwezi mwandamo, ambaye utiifu wa nchi nzima huja na kwenda na mwezi, alikuwa na sababu ya kuuliza kuliko mtu yeyote. Na miaka 16 kabla yake, kule Cetinje, mtawala mwingine aliyekuwa kuhani alikuwa ameandika utenzi mzima wa kuuliza nuru imetoka wapi, na hakuna aliyemcheka.

Juu ya kifo walikuwa karibu zaidi. Speke alielezwa kwamba mwili wa Ndagara ulishonwa katika ngozi ya ng'ombe, ukawekwa ndani ya mtumbwi juu ya ziwa siku tatu, na kwamba funza watatu waliotoka humo waligeuka simba, chui na fimbo; kisha ukapandishwa kwenye kilima cha Moga-Namirinzi, kama anavyoliandika jina, ukajengewa nyumba, na ndani wakafungiwa wasichana watano na ng'ombe 50 mpaka wakafa njaa. Sitaipamba habari hii. Kama ilitokea kama ilivyosimuliwa, wasichana hao watano walilipa gharama ya utakatifu wa mfalme, na hakuna aliyeyahifadhi majina yao. Kila mwaka Rumanyika alichinja ng'ombe kwenye kaburi la babake. Njegoš wamemzika Lovćen, wakamhamisha, wakamrudisha, na mwaka 1974 wakamjengea mahali pa kanisa dogo alilolijenga mwenyewe jengo kubwa la mawe ambalo wengi wa watu wake hawakulitaka. Wote wawili, na nchi zao, waliamini kwamba mtawala aliye pia kuhani hawezi kuzikwa bondeni.

Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 Rumanyika alikuwa mzee. Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimpenda. Walifanya mashindano ya mashua na mitumbwi katika ziwa dogo lililo chini ya ikulu, ambalo Speke na Grant walikuwa wamelipachika jina la ziwa moja la Uingereza, mfalme akiangalia kutoka ufukweni. Stanley akaonyeshwa pia nyumba ya hazina, naye akaichora: mikuki, ngoma, vyombo vya shaba, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi, na Ndagara mwenyewe hukumbukwa pamoja na kazi ya chuma. Ng'ombe wale hawakuwa wa kulimia wala kupigania. Mnyambo mkulima na Muhima mfugaji walikuwa tabaka mbili zisizolingana chini ya Wahinda. Katika ng'ombe wa chuma mhunzi na mfugaji walikutana ndani ya hazina ya mfalme, ingawa nje ya hapo maziwa yaliendelea kunywewa na wachache.

Rumanyika alifariki miaka michache baadaye. Yaliyofuata yanaumiza kusimulia na hayana haja ya kurefushwa: ndugu na wana wa ukoo walichinjana, ngoma ikapita mikononi mwa watu waliokufa upesi, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikafagia mifugo. Mwezi Novemba 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba. Kule Montenegro useja wa askofu ulikuwa umezuia, kwa miaka mia na hamsini, mwana kupigana na mwana. Karagwe haikuwa na kizuizi cha namna hiyo isipokuwa ile ngoma nyepesi, na ngoma ilihitaji mtu ambaye wengine wote wangekubali kwamba ameiinua.

Kanisa lilipokuja halikuja na askofu-mtawala. Lilichukua neno. Katika ibada za Kinyambo na Kihaya Bwana Mungu huitwa Mukama, cheo kile kile cha Rumanyika. Mkristo wa Ihanda anaposali Jumapili hutamka jina la ufalme uliokwisha, na sidhani kama wengi hulifikiri. Machifu wa Tanganyika waliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Wilaya ya Karagwe ilimegwa, Kyerwa ikawa wilaya yake mwaka 2012. Mwaka 2019 pori la akiba lililobeba jina la mfalme likapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, kwa hiyo jina lake sasa liko kwenye vibao vya barabarani na katika tangazo la watalii.

Kuhusu maneno, kazi imeanza mahali pengine lakini si hapo nilipoelekeza kidole. Mugyabuso Mulokozi alizifuata tendi za enanga za Kagera na kuonyesha kwamba ni tendi kwa maana kamili ya neno, wakati ambapo wasomi wengine walikuwa wakisema Afrika haina. Josephat Rugemalira aliandika msamiati na sarufi ya Kinyambo, na bila hivyo mtu asingeweza hata kuandika mstari ukasomeka sawasawa. Kilichobaki ni kwebuga, na hasa kwebuga kwa kiapo, ile iliyosemwa mbele ya ngoma. Bado husikika harusini, imefupishwa, mara nyingi na kipaza sauti na mshehereshaji anayeharakisha ratiba. Wazee wa Ihanda, Bweranyange, Nyaishozi na upande wa Kyerwa wanaojua mistari ya ukoo wao wapo, ila si wengi kama walivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Ewe msomaji mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, simu yako ina kinasa sauti. Mwache aseme yote kwanza bila kumkatiza, maana kwebuga hukatwa na pumzi tu. Baadaye muulize kila jina la kilima na la ng'ombe lililotajwa, aliyemfundisha, na kama babu yake alisema akiwa amesimama au amepiga magoti, na alishika nini mkononi. Andika kwa Kinyambo kwanza. Tafsiri ya Kiswahili ifuate chini yake, mstari kwa mstari, na pale neno linapokataa kutafsirika liache kama lilivyo. Speke ameliandika jina la Bweranyange kama Weranhanje, na anayejua lugha bado huweza kuwaona ndani yake enyange, wale ndege weupe ambao pwani tunawaita yangeyange.